Mtaa wa Mama Eliya

Kwa zaidi ya miaka arobaini Evaresta na Nashipae walisalimiana kila asubuhi juu ya ua wa michongoma uliotenganisha nyumba zao kule Themi, Arusha. Mmoja alikuwa Mchaga wa Machame, mwingine Mwarusha, nao waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza: Mama Eliya, Mama Sankale. Kisha macho ya Nashipae yakaingia mtoto wa jicho, na mwanawe Sankale akamhamishia kwake Ngaramtoni.

Nyumba ya Nashipae ikawa ofisi ya kampuni ya utalii, kama nyingine nyingi mtaani. Michongoma iling'olewa, ukuta ukapanda. Jioni wafanyakazi wakishaondoka, mtaa mzima ulibaki na walinzi na mbwa. Eliya, mwana wa Evaresta, yuko Mwanza. Hupiga simu Jumapili, akikumbuka.

Ijumaa moja Evaresta alishindwa kuvumilia. Akanunua mkate, akapanda gari la Ngaramtoni. Alimkuta Nashipae amekaa barazani peke yake, uso ameuelekeza mlima Meru kana kwamba anauona.

"Hodi, Mama Sankale."

"Mama Eliya." Nashipae alinyoosha mikono yote miwili. "Kaa hapa karibu. Hapa wananitunza, siwezi kulalamika. Ila wanashinda kazini, naongea na kuku. Hebu niambie habari za mtaa. Mashine ya Philemoni bado inasaga?"

Mashine ilishabomolewa, na Philemoni alishazikwa kwao. Evaresta alimtazama mwenzake alivyokonda, moyo ukamsaliti.

"Inasaga. Kelele zilezile."

"Na bekari?"

"Ipo. Mkate wao huu hapa."

Nashipae akamega, akatafuna taratibu. Kisha akauliza kuhusu daraja la mawe, pale walipokuwa wakipumzika wakitoka kanisani na watoto mgongoni.

"Lipo," Evaresta akasema, sauti ikififia.

"Basi Jumapili Sankale atanileta. Nisipoona, nitapapasa yale mawe."

Evaresta akainama. Akamshika Nashipae mkono.

"Mama Sankale, usije. Nimekudanganya. Daraja sasa ni la zege. Philemoni amekufa. Bekari imefungwa, mkate huu ni wa supamaketi."

Nashipae aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mwenzake.

"Mimi ni mtoto?"

"Hapana."

"Ungeniambia tukalia wote. Sasa Philemoni nitamlilia peke yangu, na wewe umeshamlilia peke yako. Tumepata faida gani?"

Baadaye Evaresta akamweleza jinsi, siku ya kwanza baada ya ukuta kujengwa, alivyotoka na kikombe chake cha chai, akasalimu kwa mazoea, sauti yake ikamrudia. Alipomaliza alikuwa analia, na mkono wa Nashipae ulikuwa umeurudia wake.

"Nyumba yako wanaitaka?"

"Kila mwezi wanakuja kuulizia."

"Usiuze kwanza," Nashipae akasema. "Nikifa, uza."

Jua lilikuwa limeinama Evaresta aliposhuka Themi. Ofisi zilishafungwa. Mlinzi mgeni mlangoni kwa jirani alimuuliza anamtafuta nani.

"Naishi hapa," akajibu.

Mlinzi akaomba radhi, akamwamkia shikamoo. Evaresta akaitikia, akafungua geti lake, akaingia na kuwasha taa ya sebuleni.