Arudi Akizidiwa

Karani hakuinua hata macho. Alisema faili halijafika, kama alivyosema Jumanne iliyopita na ile ya kabla yake, akasukuma kidirisha kikajifunga nusu. Dobi alibaki ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole vilivyochubuliwa na sabuni ya mashuka ya watu. Nyuma yake, kwenye benchi, kaka yake fundi cherehani alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi likanyooka, akimchekesha mama mmoja mjamzito. Sindano ya fundi, ile ya kila mwezi ya kutuliza akili, ilikuwa imechelewa siku kumi na tisa.

Kwa miaka tisa jambo hili halikuwa na maneno. Kila mwezi waliingia wodi ya nyuma ya hospitali kuu, na nesi mzee, waliyemwita Bibi Sindano, alimtazama fundi machoni, akamuuliza cherehani inaendeleaje, akamchoma, wakarudi nyumbani. Faili lilikuwa nene kama tofali. Juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu, Bibi Sindano alikuwa ameandika kwa mkono wake: Akianza kushona mifuko, msisubiri. Maana ndivyo ugonjwa ulivyoingia, mara zote mbili. Fundi alianza kuziba mifuko ya nguo za wateja, eti kuna watu wanawatilia vitu humo. Mara ya kwanza nyumbani walicheka. Wiki haikuisha, jirani akalazwa na jeraha la mkasi begani.

Kisha wakubwa wakatangaza kwamba huduma zinasogezwa karibu na wananchi. Ikakatwa keki, zikagawiwa fulana, wodi ikatiwa kufuli na Bibi Sindano akastaafishwa na zawadi ya saa ya ukutani. Karibu ilikuwa karibu kweli: kituo kipya kilikuwa mtaa wa pili tu kutoka kwao. Faili ndilo lililoshindwa kutembea. Dobi alikwenda kiguu na njia hadi hospitali kuu kulitafuta. Mtunza stoo akamwambia yote yalipakiwa kwenye lori, yako kituoni kwenu. Kituoni wakamwambia hapana, yako huko huko. Mtu mzima anapigwa danadana, na bado anatakiwa aseme asante.

Safari hii, angalau, waliitwa ndani. Daktari alikuwa mwingine tena, wa tatu kuletwa katika Jumanne tatu, kijana mwenye adabu zake. Alifungua kadi mpya, nyeupe pe, akaomba waanze mwanzo. Alimuuliza fundi kama huwa anasikia sauti.

"Nasikia yako, daktari," fundi akasema. "Na ya tumbo lako. Hujanywa chai wewe."

Daktari alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Dobi hakucheka. Alieleza habari ya mifuko, bega la jirani, maandishi mekundu, na jina la dawa alilolishika kwa kulisikia kila mwezi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Dada, huyu ni mzima," akasema.

"Ni mzima kwa sababu ya sindano, daktari. Inaisha mwilini. Mimi najua inavyoisha."

"Bila faili siwezi kumchoma mtu dawa nzito hivyo kwa maneno ya dada yake. Akidhurika, nani atajibu?"

"Na asipochomwa, nani atajibu?"

Daktari alivuta karatasi. Aliandika kwa mwandiko mzuri: Hana dalili. Arudi akizidiwa. Karani akaigonga muhuri ile karatasi na kuonya isipotee, kwani bila hiyo hapokelewi mtu. Tena akizidiwa azidiwe Jumanne, akasema, siku nyingine hakuna daktari wa akili. Hakuwa anatania. Dobi aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa gauni lake. Njiani kaka yake alimwambia asinune, si amesikia mwenyewe kwamba hana ugonjwa? Alikuwa mzima kweli, na dobi alijua ni uzima wa siku chache.

Alhamisi adhuhuri, dobi akirudi kutoka kazini, mwalimu mmoja wa mtaani alimsimamisha akiwa na suruali mkononi. Kaka yako siku hizi ana mambo, mwalimu alisema huku akicheka. Kiuno kanipunguzia vizuri, ila mifuko yote kaiziba, sasa chaki nitaweka wapi? Mishono ilikuwa midogo, imelala sawasawa, kazi safi kabisa.  Dobi alimwacha mwalimu na maneno yake, akakimbia.

Nyumbani cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikaa sakafuni mbele ya kitanda cha mama yao, mkasi mkubwa wa vitambaa mapajani. Chandarua kilikuwa kimeshushwa mchana ule na kushonewa kwenye godoro pande zote, kwa mkono, mshono kwa mshono. Ndani yake mama alikuwa ameketi, miguu yake mibovu ameikunja, akimtazama binti yake bila kusema neno. Alikuwa ameshaelewa kwamba ni heri anyamaze.

"Humu hawaingii tena," fundi akasema taratibu, kwa upole.

Dobi alijikaza. Karatasi kwanza. Leo si Jumanne, lakini akiwa nayo atawalilia, atajilaza mlangoni pao, watamsikia. Gauni la Jumanne lilikuwa pale pale kwenye msumari. Akalitungua, akapeleka mkono mfukoni, mkono ukagota. Mfuko ulikuwa umezibwa. Ndani yake karatasi ililia kra, kra, chini ya vidole vyake.

Fundi aliinua kichwa.

"Umesikia na wewe?"

"Ni karatasi, kaka. Karatasi ya daktari tu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Tangu jana inaongea. Nimeifungia, haitaki kunyamaza." Akasimama, akatia vidole kwenye matundu ya mkasi. "Hapo hapo, mdogo wangu. Ibane kifuani isikimbie, niifungue."

Dobi aliibana. Bila hiyo hapokelewi mtu.