Nani Atamfunga Kiberiti Glavu

Mjukuu wangu tunamwita Kiberiti kwa sababu ni mdogo, ni mwembamba, na ukimgusa vibaya anawaka. Mimi na yeye ni wake wenza. Marehemu babu yake alimwita mke mdogo tangu hajaota meno, nami nikaanza kumwonea wivu siku hiyo hiyo, na kifo cha bwana wetu hakijatupatanisha. Kwa hiyo jioni moja aliporudi na mdomo umevimba kama ameng'atwa na nyuki, swali langu la kwanza lilikuwa ni bwana gani huyo mpya. Akacheka, kisha akaushika mdomo kwa maumivu. Ndipo nyumba nzima ikajua kwamba yale aliyokuwa akiyaita mazoezi ya viungo, nyuma ya karakana ya mchomeleaji, yalikuwa ngumi.

Mchomeleaji huyo ndiye kocha. Mchana anachomelea mageti, jioni anayaegemeza ukutani, anatandika magodoro chakavu na kuwafundisha watoto kupigana kwa adabu. Ana pua iliyolala upande, kiasi kwamba yeye akikutazama, pua inamtazama jirani yako. Alikuja nyumbani mwenyewe kueleza mambo. Jumamosi kutakuwa na mashindano ya watoto, na Kiberiti amepangwa na binti wa mwokaji mikate, umri mmoja, uzito mmoja. Ila kwake kuna sharti. Karatasi za ruhusa haziamini, maana mtu anaweza kusaini huku anatafuna. Mtoto hapandi ulingoni kwa pambano lake la kwanza mpaka mtu wa nyumbani kwake amvalishe glavu na kumfunga kamba zake kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu. Asipotokea wa kufunga, mtoto anakwenda kukaa na watazamaji, na hakuna wa kumlaumu.

Akamaliza chai yake, akaondoka. Sisi tukabaki na sharti.

Sasa niwaeleze wazazi wenyewe. Mwanangu kazi yake ni kupaka rangi maghorofa. Ananing'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa, ndoo kiunoni, na mkanda wa usalama anauacha kwenye gari kwa sababu unambana tumbo. Huyo ndiye aliyesema ngumi ni hatari, mtoto wake hapigwi kichwani na mtu. Mkewe yuko hospitali, chumba cha plasta. Kutwa anafunga mikono na miguu iliyovunjika, na akirudi nyumbani bado ana unga mweupe kwenye nyusi. Huyo, ambaye ungedhani angekuwa wa kwanza kukataa, alisema mtoto aachwe acheze. Alisema chumbani kwake hajapata kumwona bondia. Anawaona walioteleza bafuni, walioanguka kitandani, na juzi juzi mzee mmoja aliyevunjika mguu akivaa suruali. Kama tunaogopa hatari, alisema, tuanze kwa kupiga marufuku suruali.

Mwanangu akanigeukia. Nikamwambia ana haki. Mkwe naye akanitazama. Nikamwambia na yeye ana haki. Wakaniuliza itakuwaje wote wawili wawe na haki, nikasema mimi shule yangu iliishia darasa la saba, wasinipe hesabu ngumu.

Basi wakaenda kujionea, kila mmoja siku yake, kila mmoja akitafuta ushahidi wa kumnyamazisha mwenzake. Alianza mwanangu, akarudi ametulia isivyo kawaida. Alisema alijificha nyuma ya geti ambalo halijapakwa rangi, akamwona Kiberiti anapigwa ngumi ya tumbo, anarudi nyuma, anapumua, kisha anapandisha mikono tena. Hakulia, hakukasirika. Na huyu ni mtoto ambaye nyumbani analia akichanwa nywele. Mwanangu akasema labda anapata kitu kule ambacho sisi hatuna cha kumpa, na kwamba Jumamosi atamfunga glavu yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata akaenda mkewe, akarudi uso umepauka kama plasta yake. Kiberiti alitoka damu puani. Damu kidogo, alikiri, ya kufuta kwa kidole. Lakini hospitali, alisema, mtoto huletwa akiwa ameshavunjika; yeye hajapata kukaa na kumtazama wakati anavunjwa. Hafungi mtu glavu, na asitokee mwingine wa kumfunga.

Kwa hiyo walikuwa wamebadilishana, kama watu waliochanganya viatu mlangoni. Na waligombana kwa maneno yale yale ya mwanzo, ila kila mmoja sasa ameshika ya mwenzake. Mkwe akamwambia mumewe mtoto wake hapigwi kichwani na mtu. Mwanangu akamsimulia mkewe habari za suruali. Mimi nilikuwa nimeshawakubalia wote mara ya kwanza, ikabidi niwakubalie tena.

Walipochoka wakanitupia mimi. Mwanangu akasema, "Mama, wewe ndiye mkubwa humu ndani. Ukimfunga, amefungwa. Usipomfunga, yamekwisha." Mkwe akakubali upesi, na upesi ule ulinitia wasiwasi, kwa sababu mkwe wangu haniachii niamue hata chumvi ya mboga.

Nikaenda kwa kocha. Nilitaka pua yake iniamulie. Nilijisemea, akiniambia aliivunjia ulingoni, mtoto hapigani, nami nikalale. Nilimkuta katikati ya cheche, nikamuuliza bila kuzunguka. Akavua miwani yake myeusi, akaniambia ngumi amepigana miaka na miaka bila kuvunjika kitu. Pua ilivunjwa na geti, lilimwangukia hapo hapo karakanani. Nikamshukuru, nikaondoka nimefarijika, mpaka nilipofika njiani nikakumbuka kwamba mageti ndiyo yanayoegemezwa ukutani watoto wakifanya mazoezi. Sasa sikujua hata niogope nini.

Kiberiti mwenyewe hakusema neno. Alikula, alisoma, alikunja ngumi chini ya meza akidhani simwoni. Sisi tulikuwa tunamjadili juu ya kichwa chake kama watu wanaojadili mahali pa kuweka kabati.

Jumamosi tulikwenda wote. Ulikuwa ukumbi wa shule, madawati yamesukumwa pembeni, hewa nzito ya jasho na dawa ya kuchua. Upande wa pili mwokaji mikate, mama mmoja mwenye mikono minene, alikuwa anamfunga binti yake glavu chapuchapu kama anafunga mfuko wa mikate. Nilimwonea wivu mwanamke yule. Ama alikuwa anajua anachofanya, ama mikono yake haikuwa imemuuliza kama anajua.

Kocha akaniletea glavu nyekundu. Mwanangu alisimama upande mmoja wa mlango, mkewe upande mwingine, kama walinzi wasioongea. Kiberiti akakaa kwenye benchi, akaninyooshea mikono yake, imefungwa bendeji, midogo kama ya mwanasesere.

Nikaanza na wa kulia. Maisha yangu yote nimeshona magodoro, na kamba naijua kwa namna moja tu: vuta mpaka kitu kiache kulalamika. Nikavuta, nikapiga fundo. Kisha nikaichukua glavu ya kushoto, na mikono yangu ikagoma.

"Mke mwenza," nikamwambia, "niambie ukweli. Unataka?"

Akautazama ulingo, akamtazama baba yake, akamtazama mama yake.

"Sijui, bibi."

"Hujui vipi? Wiki nzima nyumba haikaliki kwa ajili yako."

"Kuna siku nataka. Kuna siku naogopa. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu ajue."

Muda wote nilidhani jibu analo mtoto, anatuficha tu kwa ukaidi, na kwamba ukimbana vizuri litatoka. Kumbe tulikuwa watu wanne hatujui, kila mmoja anamtazama mwenzake usoni. Nikaiweka glavu ya kushoto pajani, nikampungia mkono mama yake aje.

Mkwe alikuja mbio, akidhani nimekataa. Akapiga magoti, akashika glavu ya kulia ili aifungue twende zetu. Akakutana na fundo langu la magodoro. Alilifungua kwa meno. Akauchomoa mkono, akaugeuza, na uso wake ukabadilika.

"Mama, umemkunjia kidole gumba. Na bendeji yote umeivuruga. Angepiga hivi, kingevunjika hapa."

Nikamwambia sikusomea. Hakunisikia. Aliifungua bendeji, akaikung'uta, akaanza upya. Kifundo cha mkono, kiganja, gumba, katikati ya vidole, akivuta sawasawa, midomo imebana, macho hayaoni kingine. Akamwambia mtoto akunje, afungue, akunje tena. Akamuuliza kama inabana. Akamvalisha glavu, akafunga kamba, akachomeka ncha yake ndani. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, akaichukua ile ya kushoto pajani pangu, akaifunga vilevile. Mtu akiwa kazini haongeleshwi.

Alipomaliza akazipigapiga glavu zote mbili kwa kiganja, kama anavyoipigapiga plasta ikishakauka, akasema lile neno analowaambia wagonjwa wake kutwa nzima.

"Haya, nenda."

Kocha alikuwa amesimama nyuma yake. "Mzazi amefunga," akasema.

Mkwe akageuka. "Hapana. Mimi nilikuja kufungua."

"Basi fungua. Kengele haijalia."

Akazitazama kamba zake. Mwanangu alikuwa ameshafika, na badala ya kufurahi kwamba amepata alichotaka, akaanza kutuuliza kwa sauti ndogo kama tuna uhakika, kwa sababu yule binti wa mwokaji, kwa karibu, anaonekana ana mabega. Kiberiti alikuwa amesimama, anagonganisha glavu taratibu. Hakutuomba, hakukataa. Mkwe akanyoosha kidole, akagusa ukingo wa glavu pale alipochomeka ncha ya kamba, akakirudisha kidole. Nilimngoja aseme. Mpaka kocha anamshika mtoto bega na kumpeleka ulingoni, hakuwa amesema.

Siwezi kudai kwamba pambano nililiona. Nilifumba macho, na kila nilipofumbua nilichagua wakati mbaya. Niliona Kiberiti akigongwa kwenye kofia ya kinga, akayumba, akasimama. Nilisikia ngumi yake ikitua tumboni mwa mwenzake, mlio wa mtu anayekung'uta godoro. Mwanangu alikuwa anapiga kelele mtoto ashushwe. Mkewe alikuwa anapiga kelele mtoto apandishe mkono wa kushoto, apandishe zaidi, na machozi yanamtoka huku anaelekeza. Nikaacha kufuatilia nani yuko upande gani.

Mwisho mwamuzi akawashika wote wawili mikono, akauinua wa binti wa mwokaji.

Kiberiti alishuka, akaja mpaka pale tulipo, akasimama. Kofia imemteleza, pua inachuruzika, glavu zote mbili ameziweka usoni. Mabega yanatikisika. Sauti inatoka, ya juu, ya kukatikakatika.

"Mama," mwanangu akaninong'oneza, "analia au anacheka?"

Nimelea watoto, nimelea wajukuu. Nikainama, nikachungulia chini ya glavu, nikasikiliza. Sikutambua. Mkwe akachungulia, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Mfungue kwanza," nikamwambia. "Tuuone uso."

Akakaa sakafuni pale pale, akauvutia mkono wa kulia mapajani mwake, akaanza kuitafuta ncha ya kamba.