Moshi wa Kalenda

Kalenda ya mgodi ilitundikwa kila mahali: kantini, ofisini, kwa kinyozi wa mjini, mpaka hospitalini. Picha yake ilikuwa moja, mlipuko mkubwa wa baruti, mawe yakiruka, na juu yake wingu zito la rangi ya chungwa. Chini waliandika kwa herufi nene, "Nguvu Yetu, Fahari Yetu." Watu wa mjini waliipenda sana. Wengine waliamini kabisa kwamba kampuni hutia rangi kwenye moshi ili upendeze. Hebu fikiria, watu wanapiga picha uchafu wao, wanautia fremu, halafu wanawagawia majirani bure.

Dada hakuitaka nyumbani kwake. Yeye alikuwa dereva wa gari la maji, lile linalomwagia barabara za mgodi zisitimue vumbi, na kila mtu pale alimwita Dada kwa sababu mdogo wake alimwita hivyo. Mdogo mtu alikuwa mlinzi wa vizuizi siku za kulipua, anasimama njiani na bendera nyekundu asiruhusu mtu kupita. Walimbandika jina la Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Wazazi walipofariki Dada ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemwombea kazi hiyo. Lolote ambalo lingempata kule, Dada angejilaumu mwenyewe kwanza.

Habari ya moshi waliijua wote. Fundi baruti, mzee wa kazi aliyebakiza muda mfupi astaafu, aliirudia kwenye mikutano ya asubuhi mpaka ikachosha. Moshi mweupe hauna neno kubwa. Moshi wa chungwa ni sumu, baruti haikuungua sawasawa, mara nyingi kwa sababu imelowa. Ukiuona, kimbilia upande upepo unakotoka, na hata ukijiona mzima, nenda hospitali. Meneja alikuwa akihudhuria mikutano hiyo hiyo, akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema.

Sasa sikiliza alichokifanya. Mashimo yalijazwa baruti mwanzoni mwa wiki ili yalipuliwe kesho yake. Meneja akazuia. Wageni wenye hisa walikuwa wanakuja, na alitaka waone kishindo kwa macho yao. Mvua ikanyesha, mashimo yakajaa maji, baruti ikalala humo siku kadhaa ikingoja wakubwa.

Siku ya wageni ilipofika, Dada alikuwa ameegesha gari lake kwenye kilima cha kutazamia, kioo kikiwa wazi, na akayasikia yote.

"Bosi, mashimo yamelowa," fundi baruti alisema. "Leo moshi utakuwa mchafu, na upepo unaelekea kizuizi cha chini. Tungoje ugeuke. Au angalau tumsogeze mlinzi mbali."

"Wageni wana ndege ya kuwahi."

"Bosi, upepo..."

"Usiniambie habari za upepo. Hapa tunapasua mawe, hatupepeti mchele. Kama huwezi, sema, msaidizi wako ataweza."

Wageni wakacheka. Fundi akatembea kuelekea kwenye kifaa chake cha kulipulia. Kwenye kizuizi cha chini alikuwa amesimama Kasuku.

Dada alinyakua redio. "Bosi, naomba mlinzi wa chini aondoke pale."

"Hakuna kuondoka kizuizini mpaka king'ora cha usalama," meneja akajibu hewani, wote wakisikia. "Sheria ni sheria."

"Usijali, Dada," sauti ya Kasuku ikaingia. "Nitasimama kama mlingoti."

Ardhi ikatikisika. Mawe yakainuka na kuanguka, na pale yalipokuwa moshi ukajitokeza, mwanzo wa manjano, halafu chungwa, halafu ukakolea kama kutu. Wageni walipiga makofi. Walipiga makofi! Mpiga picha wa kampuni alikuwa amepiga goti akibofya bila kupumzika. Wingu halikupanda juu likapotea. Lilitambaa chini chini, likashika bonde, likaelekea kizuizini.

"Dada," redio ikasema, "huku kumeiva kama papai." Kisha kikohozi.

"Toka hapo! Kimbia!"

"King'ora bado..." Kikohozi tena, kirefu zaidi.

King'ora kilikuwa bado kwa sababu mtu wa kuamuru kipigwe alikuwa akiwaeleza wageni uzuri wa mawe yake. Dada alipandisha vioo, akaling'oa gari bila kumuuliza mtu. Alipofika wingu lilikuwa limeshapita. Kasuku alikaa juu ya jiwe, macho yakimchuruzika machozi, bendera bado mkononi.

"Nimelia kuliko siku ya harusi yako," akasema.

Alikuwa anacheka, lakini Dada hakucheka.

Kwenye chumba cha huduma ya kwanza, mwuguzi wa mgodi alimpa Kasuku pakiti ya maziwa. Hiyo ndiyo dawa waliyokuwa nayo: ukivuta moshi, maziwa, ukivuta vumbi, maziwa. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa tamu na ya bure.

"Yanaosha kifua," mwuguzi alisema.

"Yanapitia wapi?" Dada aliuliza, hasira zimempanda mpaka utosini. "Maziwa yanakwenda tumboni. Huyu hakuunywa moshi, ameuvuta. Naomba gari la hospitali."

Gari lilitolewa baada ya maneno mengi, na mwuguzi akatumwa pamoja nao. Dada alielewa sababu walipofika mjini, mbele ya daktari, kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni.

"Amevuta vumbi kidogo," mwuguzi aliwahi kusema, kabla ya mtu kufungua mdomo.

Daktari alimpima Kasuku kifua, mbele na nyuma. "Kifua ni safi. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Umesikia, Dada?" Kasuku alishaanza kufunga vifungo vya shati. "Mimi nina njaa tu."

Dada alitaka kupinga, lakini nani angemsikiliza? Mwuguzi alikuwa mtaalamu, ana sare nyeupe. Yeye alikuwa dereva mwenye tope kwenye viatu. Ndipo akaiona, imening'inia nyuma ya kichwa cha daktari, pambo la bure kutoka kwa majirani wema.

"Daktari, geuka," akasema. "Tazama kalenda yako. Alivuta hicho."

Daktari akageuka. Aliitazama ile picha ambayo bila shaka alikuwa ameipita kila asubuhi, akamtazama mwuguzi, na upole wote ukamtoka.

"Rangi hii?"

"Hiyo hiyo," Dada akasema.

"Hili si vumbi. Hii gesi ina hila: mtu anaondoka akicheka, na saa kadhaa baadaye mapafu yanajaa maji. Haendi popote. Leteni oksijeni hapa."

Kasuku alilazwa akinung'unika. Alisimulia wodi nzima visa vyake, akamtania mgonjwa wa kitanda cha pili, akalalamikia mto. Jua lilipokuwa linazama, katikati ya kisa, akanyamaza. Dada hakungoja aone zaidi. Katika maisha yake hakuwahi kumsikia akinyamaza katikati ya kisa. Alipiga ukelele, madaktari wakaja mbio, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa tayari kando ya kitanda, wakamwahi. Kama angekuwa nyumbani amelala, wangemkuta amekwisha.

Hakufa. Lakini alikaa hospitali, akatoka, akarudi tena, na pumzi yake haikuwa ile. Sasa Kasuku husema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine mawili. Kampuni ilimweleza mkaguzi wa migodi kwamba siku ile kulikuwa na vumbi la kawaida, moshi haukuonekana. Fundi baruti alipinga, akaambiwa uzee umempofusha.

Mwisho wa mwaka meneja mwenyewe alikuja nyumbani kwa Dada kumjulia hali mgonjwa. Alileta katoni ya maziwa na kalenda mpya, bado inanukia wino.

Dada akaikunjua. Ulikuwa mlipuko wa siku ya wageni, mzuri kuliko ule wa zamani, chungwa tupu. Akaisogeza karibu na dirisha. Pembeni, chini, wingu linapoanza kufunika barabara, palikuwa na mtu mdogo kama punje, na mkononi mwake alama nyekundu.

"Bosi, huyu mwenye bendera unamjua?"

Meneja alikaza macho. "Huyo... sijui. Mlinzi?"

"Niliwaambia," Kasuku alisema kutoka kwenye kiti chake, akavuta pumzi, "nitasimama... kama mlingoti."

Meneja alinyoosha mkono aichukue kalenda. Dada alishaikunja taratibu, asije akaichubua rangi, akaibana kwapani.

"Hii umenipa, ni yangu," alisema, akitafuta viatu vyake. "Mkaguzi mlimwambia ni vumbi. Nampelekea vumbi lenu akalione."

Alitoka, akaiacha katoni ya maziwa miguuni pa mwenyewe.