Nyumba Iliyomfuata Mlezi Wake

Jumatano saa mbili asubuhi Mwanatabu alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi, akisugua kwa kumbi la nazi mahali mtoto wa Pascalia, mpangaji, alipomwaga uji, Rashad, mtoto wa kaka wa mwenye nyumba, alipompita na kibao cha bati mkononi. Kibao kiliandikwa KEATEKA: RASHAD, kumaanisha mtunza nyumba sasa ni yeye. Hakumwamkia. Likoni mtu husamehewa mengi, lakini si hilo.

"Ami amesema chumba chako naingia mie," alisema. "Leo."

Mwanatabu alikuwa ameishi na nyumba ile miaka kumi na tisa. Alipofika ilikuwa na vyumba viwili na paa la makuti, na Mansur, mwenye hati, alikuwa akitafuta mtu wa kufagia. Aliifagia, akaiosha, akaifukiza udi kila Alhamisi, akaikemea ilipovuja. Mwaka wa tatu ghorofa ya kwanza ilianza kuchomoza kama jino la mtoto, na nyumba ikawa na homa wiki nzima. Mwanatabu aliikanda kuta kwa maji ya mwarobaini. Ghorofa ya nne ilipotoka haikusumbua sana. Mansur hakununua hata tofali moja. Alikuja tu kila ghorofa ilipokomaa, akaipangisha.

Katika daftari la Mansur, Mwanatabu alikuwa "mfagiaji". Wapangaji kutoka bara walimwita keateka. Majirani walimwita mlezi, maana waliona kazi yenyewe. Yeye wote aliwaitikia abee.

Chumba kile cha chini ndicho makazi pekee aliyokuwa nayo. Tuseme wazi: alilia. Lakini alimaliza ngazi kwanza, akafunga sanduku, akachukua fagio lake na kushika njia ya kwa dada yake, Mtongwe, kwenye kitanda kimoja cha watu watatu.

Alipofika kwenye kinu cha unga alisikia kishindo nyuma yake. Nyumba ilikuwa inamfuata. Ilitembea kwa uangalifu, ikiinama kwenye nyaya za umeme. Pascalia alikuwa roshani akianika nguo, na Gershom wa ghorofa ya tatu alikuwa dirishani, povu la sabuni shavuni.

"Keateka, kwani tunaenda wapi?" Gershom aliuliza.

"Mie naenda Mtongwe. Nyie sijui."

"Basi nishukie hapo stejini, niko zamu ya saa nne."

Mwenye bodaboda alipiga honi. "Mama, ni yako hiyo? Isogeze kidogo tupite."

"Sogea, mwanangu," alisema Mwanatabu, na nyumba ikajibana pembeni.

Mansur alifika akitweta, hati kifuani, Rashad nyuma yake. Alisimama mbele ya nyumba akaisomea nambari ya kiwanja kwa sauti. Nyumba ilimruka bila kumgusa. Akaiita irudi. Ikaendelea na safari.

"Mwanatabu, nakuomba. Iambie irudi."

"Kwanza salamu."

Mansur alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tatu, na hilo alikuwa amelisahau muda mrefu. "Shikamoo, bi Mwanatabu."

"Marahaba. Na huyo kijana?"

Rashad naye akatoa shikamoo yake, akiangalia viatu.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," alisema Mwanatabu. "Haya, watu hawa wakusikie. Mimi ni nani wa nyumba hii?"

Mansur alitazama hati. Humo hamkuwa na jibu. Alitazama nyumba, ghorofa zote nne.

"Mlezi," alisema.

Madirisha yote yakafunguka kwa pamoja. Wanawake wa kinuni wakapiga vigelegele, na Mwanatabu akajaa furaha hadi miguu ikawa myepesi. "Haya, twende nyumbani," akasema. Alitangulia yeye na fagio begani, nyumba ikafuata, kisha Mansur, na mwisho kabisa Rashad, amejitwika sanduku la bibi.

Nyumba iliketi kwenye kiwanja chake, ila ilijigeuza, chumba cha Mwanatabu kikatazama barabara na kuota baraza mbele. Rashad akarudi kwa mamake. Kibao chake, alichokuwa amekipigilia asubuhi, kilibaki ukutani, na hati ilibaki kwa jina lile lile. Alasiri Mansur alifungua daftari, akalitazama neno "mfagiaji", akafunga daftari bila kulifuta.

Ijumaa ghorofa ya tano ilianza kuchomoza, na homa ikapanda. Mansur, ambaye alikwisha kuiahidi kwa mpangaji, alikuja kuitazama baada ya sala. Alisukuma lango, halikusogea. Akasukuma tena. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, akarudi nyuma hatua moja na kupiga hodi.

Mwanatabu alikuwa barazani akichambua majani ya mwarobaini. Aliyamaliza yote, akapangusa mikono.

"Karibu," alisema, na lango likafunguka.