Nani Atamkamua Mheshimiwa?

Karatasi ya safari ilikuwa na majina sita, na la Chelagat halikuwemo. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari kwa mstari, maana masomo yake yaliishia darasa la tatu na hakutaka kumsingizia mtu. Kiplangat. Nyaguthii. Chepkorir. Jerop. Watoto wa Jerop wawili. Na juu kabisa, kwa mwandiko safi wa karani: MOMBASA, MJI WA KALE, AGOSTI 2004, SIKU TISA.

"Na mimi niko upande wa nyuma wa karatasi?" akauliza, akiigeuza.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwake Endebess, na chai ilikuwa bado moto. Jerop, binti yake aliyeolewa Bungoma, alikuwa amefika asubuhi na watoto wake. Kiplangat, kifungua mimba wake, karani wa ghala la mahindi kule Kitale, akakohoa kile kikohozi ambacho hakina mafua.

"Mama, usichukulie vibaya. Huo mji ni wa kutembea. Ni vichochoro, gari haingii. Asubuhi mpaka jioni ni miguu tu, ngazi kupanda, ngazi kushuka. Na magoti yako unayajua."

"Magoti yangu nayajua. Wewe umeyajulia wapi?"

Watoto wakacheka. Nyaguthii, mke wa Kiplangat, akawatolea macho, lakini na yeye alikuwa ameficha mdomo nyuma ya kikombe.

"Halafu kuna Mheshimiwa," Kiplangat akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepata pa kuegemea.

Hapo hata Jerop aliinamisha kichwa. Mheshimiwa alikuwa ng'ombe. Aliitwa hivyo kwa sababu haguswi na watu wadogo. Tangu azae mara ya kwanza hajawahi kukubali mkono mwingine ila wa Chelagat. Jirani yao Kiptanui alijaribu siku moja, Chelagat alipokwenda matanga Kimilili, akarudi kwake akichechemea na ndoo imebondeka. Na ng'ombe wa maziwa mengi vile si wa kuachwa. Siku mbili bila kukamuliwa kiwele kinavimba, ya tatu unaita daktari, ya nne unaita mchinjaji.

"Kwa hivyo nibaki kwa sababu ya ng'ombe."

"Si kubaki, Mama. Ni kutulindia boma. Na tutakuletea leso nzuri."

"Leso ninazo," alisema Chelagat, akaanza kukusanya vikombe hata vile ambavyo havijaisha.

Hakuna aliyejua vizuri alichokuwa ananyimwa, maana hakuwahi kukisema. Marehemu mumewe, Kimaiyo, alikuwa utingo wa lori la mahindi enzi shamba lao lilikuwa bado dogo. Alikuwa akirudi kutoka Mombasa na vumbi la magunia masikioni, anakaa hapo karibu na moto, anamweleza. Kuna mji pale, Chelagat, vichochoro vyembamba hivi, wanawake wawili wakikutana na vikapu lazima wapatane nani ataegemea ukuta. Milango imechongwa maua mpaka unaona haya kuigonga. Tukivuna tutaenda. Walivuna mwaka huo, na mwingine, na mwingine. Mwaka mmoja ikawa karo. Mwaka mmoja viwavi. Mwaka mmoja Kimaiyo mwenyewe akaondoka, na si kwa lori.

Chelagat alisubiri. Kanisani walimsifu kwa hilo, mama wa subira, na yeye aliitikia amina kama wengine.

"Mwaka mwingine, Mama," Kiplangat alimwambia mlangoni akivaa koti. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zikikaa sana mtini zinaliwa na popo," Chelagat akamjibu, akafunga mlango.

Alhamisi iliyofuata alimkamua Mheshimiwa mapema, akafunga leso kiunoni, akavaa viatu vyake vya raba na kushika barabara ya Kitale kwa miguu. Mahindi pande zote mbili yalikuwa yametoa mbelewele, palizi imekwisha, na shambani hapakuwa na kazi ya kumzuia mtu. Ni karibu kilomita ishirini. Vijana wa baiskeli za boda boda walimpigia kengele.

"Kogo, bibi yetu, panda nyuma nikupeleke!"

"Peleka wagonjwa."

"Ati unaenda wapi na miguu?"

"Mombasa," alisema, na wale vijana wakacheka mpaka mmoja akaingia mtaroni.

Magoti yalilalamika kufika nusu ya njia. Aliyaacha yalalamike. Alikuwa ameyasikia miaka mingi na hayakuwahi kumwambia jambo jipya. Saa tano na kitu alikuwa karibu na msikiti wa Kitale, mlangoni kwa Zuena, mwanamke aliyenunua maziwa yake ya mala, yale ya kugandisha, miaka kumi sasa, na ambaye dadake Hibo alikuwa na vyumba vya wageni huko Mji wa Kale. Kiplangat mwenyewe ndiye aliyepanga na Zuena kuhusu hivyo vyumba.

"Subhanallah! Mama Kiplangat, umetoka Endebess na miguu? Keti, keti!"

"Sitaki kukaa, nitaganda. Niambie ukweli, Zuena. Huo mji wa dadako unaweza kunishinda?"

Zuena alimtazama viatu, akamtazama jasho la usoni, akacheka. "Ule mji haushindi wazee, dada yangu. Unashinda watu wa haraka. Kule unatembea asubuhi, jua likipanda unaingia ndani unalala, alasiri unatoka tena. Vaa kiatu cha chini, maana mawe yanateleza. Jifunge leso vizuri. Na salamu! Ukipita mlango wa mtu bila salamu watajua wewe ni wa bara. Kila pembe kuna baraza ya kukalia. Huyo mwanao mwenye tumbo ndiye nilikuwa namwonea huruma."

Chelagat alikunywa maji, akaaga, akaenda ghalani.

Kiplangat alikuwa nje na makarani wenzake wakingoja saa ya chakula. "Mama! Umekuja na gari gani?"

"Na hii," Chelagat akainua mguu mmoja, halafu wa pili. "Na hii."

"Kutoka nyumbani?"

"Kutoka kwa Mheshimiwa. Nimemkamua kwanza. Basi magoti tumemaliza, si ndiyo? Tumebaki na ng'ombe."

Makarani wakaanza kupiga makofi, na Kiplangat akaona amezungukwa. Mtu akizungukwa husema neno kubwa. "Sawa! Ukipata mtu wa kumkamua Mheshimiwa, jina lako naandika la kwanza. La kwanza kabisa!" Alisema hivyo kwa sababu alijua huyo mtu hajazaliwa.

"Mmesikia nyote?" Chelagat akawauliza wale makarani.

"Tumesikia, Mama!"

Kurudi alipanda matatu. Hakuwa anamthibitishia mtu lolote tena.

Jumamosi ya mwisho kabla ya tikiti kukatwa, wote wakarudi Endebess, hata Jerop na watoto kutoka Bungoma. Jua lilipoanza kuegemea mlima Chelagat alichukua ndoo, lakini hakwenda zizini. Alitoa kwenye msumari rinda lake la kukamulia, lile la kahawia lenye harufu ya maziwa na moshi, na kilemba, na leso, akaviweka mezani juu ya karatasi ya safari.

"Nilipokwenda kumzaa Jerop nililala hospitali siku sita," alisema. "Mnafikiri nani alikamua?"

Jerop akaligusa rinda kwa ncha ya kidole.

"Wakati huo kulikuwa na bibi wa bibi yake Mheshimiwa. Tabia ni hii hii, wamerithishana. Baba yenu alikamua."

"Angemkubalije?" Kiplangat akauliza.

"Alivaa rinda langu. Na kilemba. Akafunga lango la boma, na niliporudi na mtoto mgongoni akaniapisha nisiseme. Utingo mzima, ati watu wasijue! Nimekaa na siri yake miaka thelathini na mitano. Leo nimeichoka, na yeye aliko atanielewa. Aliniahidi Mombasa."

Jerop alikuwa amekamata tumbo kwa kicheko, machozi yanamtoka. "Baba! Na kilemba!"

Kiptanui, aliyekuwa amekuja kuwasalimu watu, aliona macho yote yanamgeukia, akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi? Mzee wa kanisa? Hata Mheshimiwa mwenyewe atanisengenya."

"Haya ni mambo ya kuchekesha watoto," Kiplangat akasema, akasimama. Alitaka yaishe. "Leteni hiyo nguo. Nitavaa, aipige ndoo teke, tumalize hii maneno."

Rinda lilipita mabegani kwa taabu na likakataa kabisa tumboni. Mshono mmoja ulisema kwaheri. Nyaguthii alimfunga mumewe leso juu ya ule mpasuko, na Chepkorir, binti yao, akamfunga babake kilemba, akifunga na kufungua kwa sababu kicheko hakikumwacha. Wakamfuata hadi zizini kama wanaopeleka bibi harusi.

Mheshimiwa aligeuza shingo. Alinusa leso. Alinusa kilemba. Alifikiri. Kiplangat alichuchumaa, akashika chuchu, na mguu wa nyuma wa ng'ombe ukainuka polepole, kama mtu anayekunja ngumi.

"Mama! Unaona?"

"Hujaimba. Imba."

"Niimbe nini?"

"Si wimbo wangu umeusikia kila alfajiri tangu uko mgongoni? Imba ile barabara."

Jerop ndiye aliyeelewa kwanza, na kicheko kikamkatika. Huo wimbo waliamka nao utotoni mwao wote, wakidhani ni maneno ya maziwa tu. Ilikuwa njia ya lori la baba, mji kwa mji, kama alivyomhesabia mkewe karibu na moto, na Chelagat alikuwa ameuimba asubuhi na jioni ubavuni mwa ng'ombe watano waliofuatana.

Kiplangat alianza kwa sauti nene iliyokwama. "Kitale... Soy... Eldoret..." Mguu bado juu. "Timboroa... Nakuru..." Hapo Mheshimiwa aliteremsha mguu. "Gilgil, Naivasha, Nairobi..." Akaanza kucheua. Na kabla mwimbaji hajafika Mtito Andei, maziwa yalipiga chini ya ndoo, chwaa, chwaa, na Kiptanui kule nje ya uzio akavua kofia.

Chelagat hakupiga vigelegele. Alikaa kwenye kigogo, akaweka karatasi ya safari juu ya paja, akamwomba Chepkorir penseli. Juu ya majina sita, kwa herufi kubwa na bila kuharakishwa na mtu, aliandika CHELAGAT.

"Mama," Kiplangat akaita kutoka chini ya ng'ombe, maana sasa hesabu ilikuwa imemfikia. "Sasa nani atabaki?"

"Ulisema nikipata mtu. Nimempata."

"Lakini mimi ndiye nimepanga hii safari! Vyumba, siku, kila kitu!"

"Na umepanga vizuri sana, baba. Hakuna kitakachotusumbua."

"Mama, tafadhali."

"Una wiki mbili. Kama utamshawishi Kiptanui avae rinda, njoo, jina lako sijalikata." Kiptanui alikuwa tayari anaelekea njiani. "Akikataa, usijali. Tutakuletea leso nzuri."

Mheshimiwa akageuza shingo tena kwa sababu mkamuaji alikuwa amenyamaza, na ule mguu ukaanza kufikiri upya.

"Imba, Kiplangat," mama yake akasema, akikunja karatasi na kuiweka kifuani. "Bado hujafika Voi."