Jalada Lenye Mlango Wazi

Hafidha alikuwa amezoea kazi zisizo na maswali mengi: lebo za mifuko ya mchele wa Dakawa, kadi za harusi, mabango ya saluni. Chumba chake cha kazi kilikuwa Kihonda, Morogoro, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Petro alipomjia na kompyuta yake akasema anataka jalada la gemu, Hafidha alidhani ni kazi ya siku mbili.

"Gemu ya nini?"

"Ya kuunda gari. Unapewa chesisi tupu na lundo la vyuma chakavu. Unaunda pikapu yako, unapakia mboga, unateremka nayo kutoka milimani mpaka mjini."

Petro alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtoto wa wakulima wa karoti na kabichi huko juu Uluguru, mwembamba, mwenye tabia ya kujibu watu huku akitazama pembeni. Gemu ile aliitengeneza peke yake kwa miaka minne. Alikuwa ameshaiweka kwenye duka la gemu la mtandaoni, na jalada alilichora mwenyewe. Miezi mitatu ikapita na hakuna aliyeibofya, ila rafiki zake wawili watatu.

Hafidha alipoliona jalada hakushangaa. Petro alikuwa amejaza kila kitu: milima, gereji, pikapu, spana, kuku, magunia, na juu yake jina kwa herufi nyembamba kama nywele. Kwenye skrini kubwa lilipendeza. Lakini dukani picha huwa ndogo kama kiberiti, na imezungukwa na nyingine mia.

"Hapo ni matope matupu," alimwambia. "Mtu anapita mbio. Mpe kitu kimoja tu cha kushika, na kitu chenyewe kimwambie atakuja kufanya nini."

Kabla ya kushika kalamu aliicheza gemu siku mbili nzima, maana hakupenda kuchora ahadi asiyoijua. Ilikuwa nzuri. Bolti zilikaza kwa mlio wa kweli, na barabara ya mlimani ilitisha. Jambo moja tu lilimkera. Gari liliwaka bila boneti, bila taa, hata kwa breki mbovu, lakini bila kitasa cha mlango wa dereva injini ilikataa kabisa.

"Hii kasoro utairekebisha?" alimuuliza Petro.

"Siyo kasoro. Iache."

Akaiacha. Akachora picha ya kwanza: gari kamili, safi, jekundu. Akaipunguza mpaka ikawa ndogo, akawaonyesha watu wa mtaani kwenye simu, kwa kufumba na kufumbua tu, kisha akauliza, "Umeona nini?" Wakasema wameona gari, basi. Picha ya pili ilikuwa gari nusu, injini imening'inia kwenye mnyororo. Hiyo walau walisema, "Linaundwa." Jesca, muuza vocha wa jirani, akaongeza, "Ni nzuri, lakini sina hamu ya kujua litafikaje."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya achore ya tatu. Kwenye mafaili aliyopewa na Petro kulikuwa na picha ya pikapu ya bluu iliyopauka, imeungwa kwa vipande vya kila aina, dirisha la dereva limezibwa kwa bati. Hafidha aliipenda sana. Akaichora ikiwa kwenye ukingo wa barabara, gurudumu la mbele limeshachomoka, pua inaelekea bondeni. Nyuma akaacha ukungu mweupe mtupu ili umbo lisimame peke yake. Halafu akaufungua mlango wa dereva wazi kabisa, akamweka mtu mguu mmoja nje, anaruka. Jina la gemu likakaa juu kwa herufi nene za njano.

Safari hii watu waliishika simu mkononi wasitake kuirudisha. "Mungu wangu, amewahi?" Jesca aliuliza. "Huyu amewahi kutoka?"

Petro alipoiona aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Hiyo gari ni ya kaka yangu," akasema. "Ezekiel. Aliiunda mwenyewe. Breki zilifeli akiwa anashusha kabichi. Watu wanne waliokuwa nyuma waliruka. Yeye hakuruka."

Hafidha aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. "Petro, mbona hukuniambia? Naifuta sasa hivi."

"Usiifute."

"Basi muulize kwanza mama yako. Kaka yako aliacha mke?"

"Nimesema iache. Miaka minne tangu afe hakuna aliyemwangalia. Sasa watamwangalia."

Ikapandishwa. Katika juma moja watu waliobofya walikuwa wengi kuliko wa miezi mitatu yote. Kijana mmoja wa nchi za mbali alijirekodi akiicheza, akawa analidondosha gari bondeni makusudi, mara kumi, mara ishirini, akicheka mpaka machozi. Wengine wakamfuata. Picha ya Hafidha ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu ambao hata gemu hawakuijua, ikashuka Dar, ikarudi Morogoro, ikapanda milimani.

Ijumaa moja asubuhi mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwa Hafidha, kanga mbili mwilini, viatu vina udongo mwekundu. Alikuwa mkubwa kumzidi, na Hafidha alimwamkia shikamoo. Yeye aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, akakataa kiti.

"Naitwa Neema. Ni mke wa Ezekiel. Wewe ndiye uliyemchora?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe. Wakati nachora sikujua."

"Nani alikuambia mlango ulifunguka?"

"Hakuna. Nilibuni tu."

Neema aliitazama picha, ambayo Hafidha alikuwa ameichapisha na kuibandika ukutani. "Muite shemeji yangu."

Petro alikuja baada ya nusu saa. Alipomwona Neema alisimama kwenye kizingiti kama mtu aliyekuta maji barabarani.

"Shemeji," Neema alisema, "watu kijijini wananipa pole upya. Wananiambia, kumbe alikaribia kutoka. Mtoto wangu ameiweka picha hiyo kwenye simu yake, anamwangalia baba yake anaruka. Mimi nifanyeje? Nimwambie mlango haukufunguka?"

Petro aliangalia pembeni.

"Mlango ule haukuwa na kitasa. Ulifungwa kwa waya, kwa nje. Na aliyefunga asubuhi ile ni wewe."

 Hafidha aliikumbuka injini ile iliyokataa kuwaka bila kitasa.

"Aliniambia nikatafute kitasa," Petro alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nikasema leo naufunga kwa waya, kesho nitakitafuta. Kulikuwa na mpira. Nilitaka kuwahi mpira." Akamgeukia Neema. "Ulijuaje?"

"Nilikuona ukirudi na koleo. Nimejua tangu siku ya msiba."

"Na hukusema!"

"Mama alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja. Ningesema, angebakiwa na nani?" Hapo ndipo Neema alipokaa, taratibu, kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. "Sikuja kukushtaki. Lakini usimfungulie mlango kwenye picha wakati hukumfungulia. Uliponiulia mume, mimi nilinyamaza. Mtoto simwachi aamini uongo."

Petro alimwomba Hafidha aufunge mlango. Hafidha hakutaka, lakini Neema naye alitikisa kichwa kukubali, basi akafungua faili mbele yao. Akamfuta mtu, mguu kwanza. Akaurudisha mlango, akarudisha lile bati la dirishani. Picha iliyobaki ilikuwa gari limefungwa kila upande, linaelekea kwenye ukungu. Hakuna aliyeweza kuitazama. Petro alitoka nje, akasimama karibu na matofali ya duka.

Siku hiyohiyo aliiondoa ile ya mlango wazi dukani, akaweka ya pili, yenye injini kwenye mnyororo. Wabofyaji wakapungua siku kwa siku. Wengine waliandika kuuliza gari linaloanguka limekwenda wapi, mbona lilikuwa linachekesha. Hakuwajibu. Jumamosi alipanda mlimani na Neema kwenda kumwambia mama yake, Bernadeta, kwa kinywa chake mwenyewe.

Hafidha alingoja habari. Simu ya Petro iliita bila kupokelewa juma zima. Juma la pili ilipokelewa na Neema, na nyuma ya sauti yake jembe lilikuwa linagonga mawe.

"Yupo," alisema. "Analima. Anaamka kabla yetu sote."

"Na mama?"

 "Mama anampakulia chakula kama kawaida. Ila hajasema naye neno tangu siku ile."