Mti Namba Saba

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya kituo cha mafuta siku ya Jumatatu, na nadhani mimi ndiye mtu pekee niliyelisoma hadi mwisho. Wengine walisoma mstari wa juu, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Lilisema kituo kile cha pampu tatu kitabomolewa chote. Mahali pake kitajengwa kituo cha pampu nane, duka, na mashine ya kuoshea magari, ile ambayo gari linaingia chafu upande huu na kutokea safi upande wa pili bila mtu kushika kitambaa. Mwenye pingamizi afike mbele ya kamati ya mipango ya mji, Jumatano ya wiki inayofuata, saa tatu asubuhi. Chini ya maandishi palikuwa na mchoro mkubwa ndani ya plastiki.

Nyumba yangu imepakana na kituo kile kwa nyuma. Niliijenga mwenyewe, kila mlango na kila fremu, maana kazi yangu ilikuwa useremala. Kusoma michoro nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na sita, katika masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana walioniita babu kabla sijapata mjukuu. Kwa hiyo sikuutazama mchoro ule kama mtu anayetazama picha ya harusi. Nilitoa rula mfukoni, nikaanza kupima.

Kinyozi akaja nyuma yangu na mkasi mkononi. Huyu ni mpangaji wangu. Ananyolea katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, na siku hiyo alikuwa amemwacha mteja kitini na nusu ya kichwa.

"Vipi, Mzee Rula, tumebomolewa?"

"Subiri. Haraka ya nini?"

Mstari wetu una nyumba nne. Tatu zilichorwa kama visanduku, kila kimoja na msalaba mwekundu. Hizo ni mali ya mwenye kituo mwenyewe, ambaye sote tunamwita Tajiri, na zilikuwa tupu tangu mwaka jana. Pembeni pameelezwa maana ya alama: "Jengo lililo ndani ya mita ishirini za tangi la mafuta. Liondolewe."

Nyumba ya nne ndiyo yangu. Nilihesabu kutoka barabarani mara tatu. Mahali pake palikuwa na duara la kijani lenye kingo za mawimbi, na katikati namba 7. Nikashuka kwenye maelezo: "Mti mkubwa uliopo. Unalindwa. Ubaki."

Njia ya magari yanayotoka kuoshwa ilikuja imenyooka kama uzi mpaka karibu na sebule yangu, kisha ikapinda kwa adabu, ikalizunguka duara, ikaendelea.

Nilielewa mara moja kilichotokea. Mchoraji hakuwahi kufika. Alichora akitazama picha iliyopigwa kutoka angani, na paa langu nimelipaka rangi ya kijani, halafu mke wangu kaotesha mmea unaotambaa mpaka juu. Kutoka angani sisi ni majani matupu.

"Kwa hiyo sisi ni mti?" Kinyozi akauliza.

"Ndivyo walivyochora."

Akafikiri kidogo. "Wewe ndiye mti, mwenye nyumba. Mimi nimepanga tu. Mimi ni ndege." Akarudi kwa mteja wake akipiga mluzi.

Niliingia ndani nimechemka. Mke wangu alikuwa anakunja nguo.

"Wameniandika mti," nikamwambia. "Miaka thelathini na moja nimekaa hapa, nyumba yenye mlango, yenye namba, yenye choo cha ndani! Mti!"

"Na zile nyumba nyingine wameziandika nini?"

"Majengo."

"Majengo yanafanywa nini?"

Nikairudisha rula mfukoni.

"Baba Watoto, nakuuliza. Yanafanywa nini?"

"Yanaondolewa."

"Na mti?"

"Unabaki."

"Basi kaa kimya uote majani."

"Kosa ni kosa," nikasema. "Nitasimama mbele ya kamati niwasahihishe. Nitawaonyesha kwa rula."

Aliliweka shati chini. "Wewe ulimsahihisha daktari wa meno ukiwa umeachama, akang'oa jino zima. Safari hii hawang'oi jino. Wanang'oa hapa tulipo. Utanipeleka wapi na miguu hii? Kwa mwanao, nikalale kwenye kochi chini ya televisheni?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nikisema ukweli, nyumba inapata msalaba mwekundu. Nikinyamaza, inabaki, lakini mimi ninayejua kusoma mchoro nitakuwa nimekaa kwenye mkutano wa watu wenye akili zao nikikubali kuitwa kitu cha kupigwa shoka. Hata hivyo niliandika hotuba ya kurasa tatu, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Sikuahidi chochote.

Jumatano tulifika ukumbini saa mbili na nusu, mimi na tai, yeye na mkoba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Karatasi ilisema: "Kwa kuwa mchoro una mti unaolindwa, kamati itakaa kwenye mti husika, kwa mujibu wa kanuni."

Tukarudi mbio. Tulikuta watu wanane wamesimama mbele ya mlango wetu wakiwa na mafaili, na mvua imeanza kudondoka.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mwenye miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia watu. Alitazama mchoro, akatazama mawingu, akasema, "Ndugu wajumbe, tusiloe. Tuingie chini ya mti."

Wakaingia sebuleni kwangu. Wakafuta viatu kwenye zulia la mlangoni, wakakaa kwenye makochi, wengine wakabaki wamesimama karibu na kabati la vyombo. Kinyozi akachungulia kutoka chumba chake na brashi ya sabuni mkononi, akaamua kubaki.

"Kikao kimefunguliwa," akasema Mwenyekiti. "Bwana Miti, endelea."

Bwana Miti ndivyo walivyomwita ofisa wa mji anayeshughulika na miti. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia, na inasemekana hakuwa amepata kesi hata moja kwa miaka minne, maana barabara kuu ilikwisha kula miti yote aliyokuwa akiilinda. Macho yake yaling'aa. Alitoka nje na tepu yake, akapita dirisha la kwanza, dirisha la pili, jikoni, akarudi amelowa mabega.

"Mzingo wa shina, mita thelathini na nne!" akatangaza. "Waheshimiwa, tangu nianze kazi sijaona kitu kama hiki."

Wajumbe wakaguna kwa heshima.

"Umri?" Mwenyekiti akauliza.

"Thelathini na moja," akajibu mke wangu, kabla sijafungua mdomo.

"Bado mchanga," akasema Bwana Miti akiandika. "Utaongezeka huu."

"Mti una wadudu?" Mwenyekiti akauliza tena.

"Mende kidogo," akasema mke wangu. "Jikoni."

Bwana Miti akaandika na hilo. Kisha akauliza kama kuna viumbe vinavyoishi ndani yake, kwa kuwa sheria inakataza kuvisumbua wakati wa kutaga.

"Sisi tulishataga," mke wangu akasema. "Watoto wanne. Wameruka wote."

"Mimi bado sijaoa," akasema Kinyozi kutoka mlangoni. "Iandikwe."

Hapo Tajiri alishindwa kuvumilia. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kusomea, na jasho lilimtoka licha ya mvua. Alisimama, akakishika kiti kwa mgongo, akakitikisa.

"Jamani! Mheshimiwa mwenyekiti! Hii ni nyumba! Nimekalia kiti! Ile pale ni saa ya ukutani! Mti gani una saa ya ukutani?"

Mwenyekiti akabadilisha miwani.

"Ndugu mwombaji, mchoro huu ni wa nani?"

"Ni wangu, lakini mchoraji..."

"Sahihi hii chini ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo unaiambia kamati hii kwamba umeleta mchoro wa uongo? Kama mchoro ni wa uongo, ombi linafutwa. Unaanza upya. Umesubiri muda gani mpaka kufika leo?"

"Miaka mitatu na miezi miwili," Tajiri akasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Basi nakuuliza mara ya mwisho. Hapa tulipo ni wapi?"

Tajiri alitazama saa ya ukutani. Alitazama kabati, pazia, picha ya binti yangu na cheti chake. Akakaa chini taratibu.

"Ni mti," akasema.

"Iandikwe."

Halafu Mwenyekiti akageuka akanitazama mimi. Nilijua zamu yangu imefika. Nilisimama wima, kama nilivyosimama siku ya mtihani, na mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, juu ya zile kurasa tatu.

"Na wewe mzee? Fomu ina nafasi ya kila aliyehudhuria. Wewe hapa ni nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Fundi. Mwenye nyumba. Mtu aliyesoma. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari, na ilikuwa sentensi nzuri, yenye neno "ilhali". Mke wangu hakunibana wala hakunikonyeza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyoosha miguu yake iliyovimba, anaitazama sakafu. Sakafu ile niliilalia kwa tumbo nikiipiga randa mwaka ule alipokuwa na mimba ya kitindamimba, na ndiyo sababu haina hata ubao mmoja unaolia.

Nikautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Mimi," nikasema, "ndiye ninayeumwagilia."

"Mtunzaji," Mwenyekiti akasema, akaandika. "Kamati inakushukuru. Kungekuwa na watu wa aina yako wengi, mji huu usingekuwa jangwa."

Nikakaa. Kinyozi akanipigia saluti kwa brashi, povu likaanguka kwenye zulia.

Uamuzi ulitolewa kabla mvua haijakatika. Kituo kijengwe, mashine ya kuoshea magari iwekwe, njia ya kutokea ipinde kama ilivyochorwa. Mti namba saba usikatwe, usichomwe, usihamishwe, wala usipigiliwe misumari. Shina lipakwe chokaa mpaka kimo cha mita moja ili madereva walione. Mwombaji aumwagilie mara mbili kwa wiki, kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia siku ya ufunguzi, kwa kuwa ujenzi utakuwa umekausha udongo. Tajiri alitaka kusema neno juu ya kumwagilia, akafikiria miaka mitatu na miezi miwili, akameza.

Wakati wa kutoka, Bwana Miti alibaki nyuma. Aliuweka mkono wake kwenye ukuta wa sebule yangu na kuupapasa.

"Mzee, niambie kweli," akanong'ona. "Huu ni wa aina gani?"

Nilimhurumia. "Mchanganyiko," nikamwambia. "Kuna mninga, kuna msonobari, kuna tofali."

"Tofali," akarudia, akaandika.

Kituo kipya kilifunguliwa baada ya miezi saba. Nyumba tatu zilibomolewa kwa siku mbili. Mashine inanguruma kuanzia saa moja asubuhi, magari yanatokea yakidondosha maji, yanakuja moja kwa moja kuelekea sebuleni kwangu, yanapinda. Mke wangu hukaa dirishani akitazama sura za madereva wanapopinda, na anasema ni bora kuliko televisheni. Mimi nilipiga misumari yote kichwa mpaka ikazama ndani ya mbao, nikaiziba kwa nta, maana sharti ni sharti. Ukuta una chokaa mpaka kiunoni. Hotuba yangu bado ninayo. Nimeirekebisha mara mbili tangu siku ile, ingawa hakuna wa kumsomea.

Jumanne ya kwanza baada ya ufunguzi mlango uligongwa. Alikuwa dada mmoja wa kituoni, mwenye ovaroli mpya na ndoo mbili za maji, daftari limebanwa kwapani.

"Shikamoo mzee. Nimetumwa kumwagilia mti namba saba."

"Marahaba. Umeupata."

Akatazama huku na huku. "Uko wapi?"

"Huu hapa."

Alitazama mlango. Alitazama pazia. Alirudi nyuma hatua tatu, akainua uso mpaka kwenye paa, kisha akalifungua daftari akasoma tena, akinisikitikia mimi au akijisikitikia yeye, sikuweza kujua.

"Mzee, mimi nimeajiriwa jana," akasema. "Sitaki matatizo. Niambie tu nimwage wapi."

Nikavaa viatu, nikatoka. Nilimwonyesha pembe ya msingi ambapo maji hayataingia ndani, nikamwambia apeleke polepole, udongo unywe, asiufanye matope, na dirisha lile asilirushie hata tone kwa sababu mama yuko hapo. Alinisikiliza vizuri. Alimwaga ndoo ya kwanza, tukangoja, akamwaga ya pili. Halafu akanipa daftari na kalamu.

Palikuwa na safu nne: tarehe, kiasi cha maji, hali ya mti, sahihi. Kwenye hali ya mti niliandika "Nzuri". Kwenye sahihi nilisimama kidogo, kisha nikaandika jina langu lote, majina yote matatu, kwa mwandiko wangu wa darasani, na baada yake nikaweka "kwa niaba ya mti".